Waya wa sensa hauunganishwi kwa rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijibu makala iliyotoka katika ukurasa wa magari wa gazeti lako, iliyomwelekeza mwenye gari namna ya kufunga sensa mbadala (kifaa kinachoipimia injini mambo kama joto au moshi) na kuiunganisha yeye mwenyewe na kompyuta ya injini. Mwandishi ameandika kwa nia njema, na sehemu kubwa ya maelezo yake sina ugomvi nayo: ametaka betri ifunguliwe kabla ya kazi kuanza, ametaka injini iachwe ipoe, na ameonya kwamba soketi haichomolewi kwa kuvuta waya. Ninachokipinga kwanza ni sentensi moja, ile inayosema kwamba sensa mpya ikija bila soketi, mtu akate soketi ya ile ya zamani pamoja na mkia wake wa nyaya, kisha aunganishe rangi kwa rangi, na nyaya zitakazobaki azimalizie kwa kufuata mpangilio wake. Sentensi hiyo ni fupi na inakaa kichwani upesi, na ushauri huohuo ndio ulionitia hasara mimi, fundi umeme wa magari wa miaka mingi, siku ambayo mita ya kupimia umeme ilikuwa mfukoni mwangu na sikuitoa.

Nianze na sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo aliyoitolea mfano. (Vitabu vya shule huiita kihisio, gereji nzima inasema sensa, nami nitafuata gereji.) Sensa hii hukaa kwenye bomba la ekzosi ikilinganisha oksijeni iliyobaki ndani ya moshi na ile ya hewa ya nje, na tofauti hiyo huigeuza kuwa umeme mdogo mno, takriban volti 0.1 mchanganyiko wa mafuta na hewa unapokuwa mwepesi na takriban volti 0.9 unapokuwa mzito. Ishara inapovuka karibu na volti 0.45, kompyuta inajua kwamba imepita penye uwiano sahihi wa petroli, ambao ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta kwa uzito. Sensa za mwanzo za Bosch, zilizoingia kwenye magari mwaka 1976, zilikuwa na waya mmoja tu wa ishara, na umeme ulirudi kupitia chuma cha bomba lenyewe, kwa hiyo hapakuwa na la kukosea. Lakini sensa ya aina hii haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na zaidi za Selsiasi, na ili isisubiri kupashwa na moshi ikatiwa hita ndani yake. Hita ikaja na nyaya zake mbili, ishara nayo ikapewa waya wake wa kurudia, na ndivyo tulivyofika kwenye nyaya nne ambazo wengi wetu tunazijua leo: mbili za hita zinazobeba umeme wa betri, na mbili za ishara ambazo kwa kawaida hazikusudiwi kupitisha hata volti moja kamili.

Nyaya hizo nne kila mtengenezaji alizipa rangi alizozitaka. Katika sensa nyingi za Bosch, nyaya mbili nyeupe ni za hita, mweusi ni wa ishara, na wa kijivu ni hasi ya ishara, yaani ule wa kurudia. Katika sensa nyingi za Denso, nyaya mbili nyeusi ndizo za hita, wa buluu ndio wa ishara, na mweupe ndio hasi ya ishara. Msomaji aziweke mbele yake sensa hizo mbili, ya zamani ya mtindo mmoja na mpya ya mtindo wa pili, halafu afuate ushauri wa makala. Kijivu na buluu havitamdhuru, kwa sababu havifanani na chochote upande wa pili na vitamfanya asite na kufikiri. Watakaomwangusha ni mweupe na mweusi, kwa kuwa wapo pande zote mbili na kila upande wana kazi tofauti.

Mkasa wangu ulikuwa hivi. Mkia wa soketi niliyoikata ulikuwa na nyaya mbili nyeusi, mmoja wa buluu na mmoja mweupe. Sensa niliyoletewa ilikuwa na nyeupe mbili, mmoja mweusi na mmoja wa kijivu. Mteja alikuwa amesimama pembeni ana haraka, nami nikaunganisha mweupe na mweupe, mweusi na mweusi, mweusi uliobaki na mweupe uliobaki, kisha buluu na kijivu. Injini ikawaka, ikatulia, taa ya onyo haikuwaka papo hapo, mteja akaondoka akishukuru. Nilichokuwa nimekifanya ni kuiweka hita ya sensa kati ya chanya ya betri na hasi ya ishara inayoingia kwenye kompyuta. Hita ya namna ile ina ukinzani wa kama omu 10, maana yake ni kwamba zaidi ya ampea moja ilikuwa inapita kwenye njia iliyotengenezwa kubeba miliampea chache za sensa ndogo ndogo.

Baada ya siku chache gari lilirudi likiwa linavutwa. Lilikuwa likitoa moshi mweusi, plagi zimelowa petroli, na injini ikiwaka inazimika yenyewe. Mashine ya kusoma hitilafu ilinipa misimbo miwili, P0118 na P0123: wa kwanza unasema ishara ya joto la maji iko juu kupita kiasi, wa pili unasema vivyo hivyo kuhusu sensa ya mkao wa throto, yaani mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Nilipotazama namba zenyewe, maji ya injini yalisomeka nyuzi 40 chini ya sifuri ilhali rejeta ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, na throto ilisomeka imefunguka yote wakati hapakuwa na mguu wa mtu kwenye pedali. Nikabadilisha sensa ya joto, hali ikabaki ile ile. Nikabadilisha sensa ya throto, hali ikabaki ile ile. Siku ya tatu ndipo nilipojiuliza swali nililopaswa kuanza nalo, yaani sensa hizi mbili zinashiriki nini, na jibu lilikuwa waya mmoja tu, hasi ya sensa, ile ile niliyokuwa nimeipitishia mkondo wa hita. Nikaifungua kompyuta, na pale pini ya hasi hiyo inaposhikana na bodi ya saketi niliona njia ya shaba imebadilika rangi kama sukari iliyoungua, na katikati imekatika mkato mwembamba kama unywele. Hasi ikishakatika, umeme wa volti 5 ambao kompyuta huupeleka kwenye sensa hauna pa kushukia, kwa hiyo ishara zote hupanda hadi kileleni. Na katika sensa ya joto, kilele husomwa kama baridi kali kuliko zote. Kompyuta ikaamini injini imeganda na dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, ikamwaga petroli kulingana na imani hiyo. Kompyuta nyingine niliinunua mimi, na sensa mbili nilizozibadilisha bila sababu nazo niliziandika kwenye daftari langu, si kwenye la mteja.

Jambo ambalo lingeniokoa ni kipimo cha dakika mbili. Sensa ikiwa baridi na haijaunganishwa popote, mita ikiwekwa kwenye omu itaonyesha omu chache, kwa kawaida chini ya 20, kati ya nyaya mbili tu, na hizo ndizo za hita hata zikiwa na rangi ya zambarau. Nyaya mbili zilizobaki hazitaonyesha mawasiliano, kwa kuwa kauri iliyo ndani, ikiwa baridi, haipitishi umeme. Upande wa gari, ufunguo ukiwa umewashwa, waya wenye volti za betri ni wa kulisha hita, ingawa yapo magari ambayo hayaulishi mpaka injini iwe inazunguka. Kuhusu kutofautisha ishara na hasi, mimi sipendi kubahatisha: natafuta mchoro wa nyaya wa injini ile ile, nasoma namba ya pini kwenye soketi ya kompyuta na kazi yake, kisha nafuata waya huo kwa mita mpaka kwenye soketi ya sensa. Wala taa ya kujaribia yenye globu haitakiwi kugusa nyaya hizi kabisa. Mita nzuri ya dijitali ina ukinzani wa omu milioni 10, kwa hiyo inachungulia bila kugusa, lakini globu hunyonya umeme mwingi kuliko sensa inavyoweza kutoa au njia ya ndani ya kompyuta inavyoweza kubeba.

Makala pia ilisema kwamba waya wa hasi wa sensa unaweza kufungwa popote kwenye bodi ya gari, "kwa kuwa hasi ni hasi". Kwa taa ya mbele hilo ni kweli. Kwa sensa halifai, kwa sababu bodi na bloku ya injini ni barabara ya mikondo mikubwa ya alteneta, feni, pampu na hita zenyewe, na mkondo mkubwa ukipita kwenye chuma chenye ukinzani hata mdogo sana huacha tofauti ya volti kati ya sehemu moja na nyingine. Tofauti ya volti 0.1 haiwezi kuonekana kwenye mwanga wa taa. Kwenye ishara ambayo safari yake yote ni kutoka 0.1 hadi 0.9, ni sehemu ya nane ya safari hiyo, na itapanda na kushuka kila feni inapowaka na kuzimika, mpaka fundi aanze kulaumu pampu ya mafuta. Hasi ya sensa hurudi kwenye pini yake ya kompyuta, mahali pamoja, na haifungwi tena kwenye bodi kwa ajili ya uhakika, kwani kufunga pande zote mbili kunaikaribisha mikondo ya bodi ipite ndani ya kompyuta.

Sehemu iliyonishtua zaidi ni ile inayopendekeza kwamba anayetaka usahihi aweke sensa ya wigo mpana mahali pa ile ya kawaida, kana kwamba ni sensa ile ile iliyoboreshwa. Hizi ni jamii mbili. Bosch LSU 4.9, ambayo imeenea sana kwa kazi hii, ina nyaya tano na haitoi ishara yoyote ya maana ikiunganishwa moja kwa moja na kompyuta ya sensa ya kawaida. Ndani yake mna seli ya pili inayosukuma oksijeni, na ni lazima kuwe na kidhibiti chake kinachopeleka mkondo kwenye seli hiyo ili ile ya kupimia ibaki kwenye volti 0.45 muda wote. Kiasi cha mkondo kinachohitajika ndicho kinachotafsiriwa kuwa uwiano wa mafuta na hewa. Hita yake nayo hupandishwa joto polepole na kidhibiti hicho hicho, na anayeipa volti 12 kavu kavu anaweza kuipasua kauri yake. Vidhibiti vingi vina waya wa ziada unaoigiza sensa ya kawaida kwa volti 0 hadi 1, na huo ndio unaoweza kupelekwa kwenye kompyuta ya gari; waya wa volti 0 hadi 5 ni wa kompyuta inayoweza kupangwa upya au wa mita ya dashibodi. Hapo nako hasi inadai haki yake. Tuchukulie kidhibiti kimepangwa ili volti 0 iwe uwiano wa 10 na volti 5 iwe 20: kila volti ni hatua mbili za uwiano, kwa hiyo hasi iliyofungwa mahali pabaya ikaongeza volti 0.1 itasogeza usomaji kwa 0.2, na mtu atakayepanga mafuta kwa namba hiyo atakuwa amepanga injini kwa kosa la waya.

Ipo hali inayochanganya zaidi, ambayo mwandishi hakuigusa. Magari mengi ya Toyota yametoka kiwandani na sensa ya uwiano ya Denso yenye nyaya nne, na kwa macho inafanana na sensa ya kawaida kama pacha. Kompyuta ya gari hilo hushikilia waya mmoja kwenye volti 3.3 na mwenzake kwenye volti 3.0, na hupima mkondo unaopita kati yake. Waya ambao fundi angeuita hasi hapo una volti 3. Akiutuliza kwenye bodi ameufunga mdomo wa kompyuta, na akiweka sensa ya kawaida mahali pake, hata akipatia kazi ya kila waya, kompyuta haitaelewa inachoambiwa. Kuhesabu nyaya hakutoshi, kama ambavyo kutazama rangi hakutoshi. Namba ya sensa iliyochongwa kwenye chuma chake ndiyo ya kuulizia dukani.

Kwa sensa za joto la maji nitasema machache, ingawa zinachezewa sana. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda; katika aina iliyoenea ni karibu omu 2,500 kwenye nyuzi 20 na karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Sensa mbadala inaweza kuingia kwenye hesi ile ile na soketi ile ile, huku ukinzani wake ukifuata mstari mwingine kabisa. Ikiwa na ukinzani mkubwa kuliko ule ambao kompyuta inautarajia, kompyuta itadhani injini ni ya baridi na itazidisha mafuta safari nzima. Mimi huzitumbukiza ncha za sensa ya zamani, kama bado nzima, na ya mpya ndani ya sufuria moja ya maji pamoja na kipimajoto, nikiyapasha kutoka baridi hadi kuchemka na kuandika omu za kila moja njiani. Zikitofautiana kidogo tu kila mahali, nafunga. Zikiachana, narudisha dukani. Ile sensa ya waya mmoja inayopeleka habari kwenye mshale wa dashibodi ni ya kazi nyingine, na haiazimwi kwa ajili ya kompyuta.

Kuhusu maungio, makala imesifu lehemu kuliko kubana kwa koleo. Kwa sensa ya oksijeni ushauri huo una kasoro ambayo si mafundi wengi wanaifahamu: sensa nyingi huvuta ile hewa ya nje ya kulinganishia kupitia upenyo mdogo ulio kati ya nyuzi za waya wenyewe, ndani ya ganda lake, na lehemu ikiyeyuka hujaza upenyo huo na kuinyima sensa pumzi. Ndiyo sababu watengenezaji huelekeza vibano vya shaba na mpira unaosinyaa kwa joto, mbali na bomba la moto, wala grisi isipakwe ndani ya soketi hiyo. Vile vibano vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuukata sivitaki kwenye sensa yoyote, kwani hukata nyuzi kadhaa na kuyaachia maji yaingie. Waya wa sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) wenye ganda la kinga hufungwa ganda hilo upande mmoja tu, na hupitishwa mbali na koili za plagi. Waya wa volti 5 unaolisha sensa kadhaa kwa pamoja usigusishwe kwenye bodi hata kwa bahati mbaya, maana sensa moja ikiuangusha, zote zinaanguka nao.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa magari urekebishe sentensi hizo tatu, ya rangi, ya hasi na ya wigo mpana, kabla hazijakatwa na kubandikwa kwenye kuta za gereji kama ambavyo makala zenu hubandikwa. Na mwandishi akipenda kuirudia mada hii, achapishe jedwali lenye safu mbili, kazi ya waya na kipimo chake kwa mita, na safu ya rangi aiache tupu ili kila msomaji aijaze kwa kalamu akiwa ameinamia gari lake.

Ndimi msomaji wako,
Fundi umeme wa magari